Siku ya Mia na Tatu

Disketi ilikuwa na lebo ya kalamu ya risasi,
mwandiko wa Ilpo, kaka yangu: USIFUTE.
Mji wa Iisalmi, mwaka kiwanda cha mbao kilipofungwa
na baba akarudi na chupa yake ya kahawa,
akaiweka juu ya jokofu,
akakosa pa kujiweka yeye.

Kompyuta tuliachiwa na shangazi Raila,
rangi yake kama meno ya mvutaji.
Ndani mlikuwa na msitu:
miti vinyota, ziwa alama mbili za samawati,
mbwa mwitu herufi S.
Na sisi, watoto wawili juu ya kiti kimoja,
tulikuwa kiduara chenye mkia
kikienda hatua, kikingoja, kikienda hatua,
huku mstari wa chini ukitupasha habari bila huruma:
Una njaa. Una baridi.
Vidole vya mguu wa kushoto huvihisi tena.

Tulikufa kwa uyoga.
Tulikufa kwa barafu nyembamba ya Novemba,
na mara moja kwa kulala karibu mno na moto wetu wenyewe.
Ilpo aliandika kila kifo daftarini:
tarehe, sababu, kosa la nani.
Langu, mara nyingi. Nilikuwa na pupa ya kula.

Jioni moja baba akasimama nyuma yetu, soksi zimetoboka.
Kuni zimelowa, mstari ukasema. Moto haujawaka.
"Waongo," akasema. "Gome la mbetula huwaka hata likilowa."
Akavuta kigoda.
Hadi usiku wa manane akatuelekeza pa kutega,
upepo uuache upande gani,
samaki mmoja umle siku ngapi.
Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti
kumsikia akiongea sentensi tatu mfululizo.

Jikoni mama alikuwa akikata soseji.
Vipande vitatu. Tulikuwa wanne.
Hakuna mstari ulioandika chochote chini yake.

Ilpo sasa hutengeneza lifti huko Oulu.
Disketi haisomeki, nimejaribu;
daftari ninalo. Ukurasa wa mwisho, wino wa baba:
Siku ya mia na tatu. Yu hai. Ana samaki wawili.
Kesho yake alipata kazi ya kuzoa theluji barabarani,
nasi hatukuwasha tena.

Yupo bado kando ya ule moto, nadhani,
anangoja tubonyeze kitufe
ili aweze kusikia njaa.