Nyasi za Kucwiny

Ofisini Nebbi tulikuwa na ubao mweupe
na kalamu ya buluu iliyofungwa kwa uzi, isiibwe.
*Visima vilivyochimbwa: 63.*
Namba ile niliiandika mimi,
nikaikolezea wino kila ilipofifia.
Wageni walipokuja walipigwa picha mbele yake.

Mimi ni karani. Katika vyote sitini na vitatu
sikuwahi kuteka hata kata moja.

Siku moja pikipiki ya idara iliniishia mafuta
karibu na Kucwiny, saa saba, jua la kupasua mawe.
Nikaomba maji kwa mama mmoja, Afoyorwoth.
Akanipa nusu kikombe.
Nusu.
Nikasema: lakini mna kisima, namba kumi na saba.
Hakubisha. Alinishika mkono
kama mtoto aliyepotea sokoni, akanipeleka.

Nyasi zilinifika kiunoni.
Mpini wa pampu ulikuwa umebaki juu
kama mkono wa mwanafunzi
ambaye mwalimu hakumwona hadi kengele ikalia.
Mjusi akachungulia kinywani mwa bomba,
akatutazama, akarudi kwake.

"Nyinyi mnahesabu mashimo," akasema mama.
"Sisi tunatazama nyasi.
Penye maji haposimami jani:
nyayo zinakanyaga, madumu yanakwangua,
mbuzi wanamalizia.
Ukiona kijani kimestawi, geuza dumu lako,
mtoni ni kulekule."

Nikarudi. Nikaifuta sitini na tatu kwa kiganja.
Bwana Onencan, mkuu wetu, alinyamaza kitambo
(si mtu mbaya; namba ile ilimpandisha cheo),
kisha akasema: andika.
*Mabomba yasiyoota nyasi: 29.*
Kalamu ilikuwa nzito kama jembe la masika.

Lo, utamu wa robo ile ya kwanza!
Fundi Ocamgiu alilala Parombo siku nne
na mfuko wake wa spana chini ya kichwa.
Ishirini na tisa ikawa thelathini na nne.
Tano tu. Tukanunua soda.

Robo ya pili: hamsini na nane.
Simu ikapigwa kutoka juu kutupongeza.
Mimi namba naijua; nimeishi nayo kama mke.
Haikui hivyo usiku mmoja.

Nikaenda Kucwiny bila kuaga.
Pamefyekwa. Pamefagiliwa, na alama za ufagio
bado zimelala mchangani kama masuko.
Nikashika mpini: chini, juu, chini, juu,
mara hamsini, jasho likiniingia machoni.
Bomba likakohoa kutu.
Mjusi hayupo. Hata yeye kahamishwa.

Afoyorwoth alicheka mpaka akakaa chini.
"Mlisema nyasi! Wakaja vijana na mapanga,
wakalipwa kwa siku.
Mmetufyekea vizuri, karani."

Tangu hapo ubao una namba, kama kawaida.
Lakini mimi nikipita kijijini, naomba maji.
Nikipewa nusu, najua.
Nikipewa kikombe kikafurika mpaka mkononi,
na mwenyeji akamwaga masazo uani
huku akiongea, bila hata kutazama yanapoangukia,
hapo nasikia raha nisiyojua safu yake kwenye fomu.

Sijamwambia Bwana Onencan.
Nikimwambia, mwezi ujao
kila nyumba itakuwa na kikombe cha karani,
kimejaa pomoni, kimefunikwa sahani,
na watoto wameonywa wasikiguse.