Nukta

Veijo Suikkanen aliweka glavu juu ya kipasha joto,
theluji ikaanza kudondokea mafaili yangu.
Hakuomba radhi. Alitoa daftari la miraba,
lile la kiwandani, la kuandikia unyevu wa karatasi kila saa,
akalifungua penye kurasa ambazo kiwanda
hakikuishi kuzijaza.

"Nimehesabu," alisema.
Wiki tatu, kila alfajiri kabla mkewe hajaamka,
amehesabu matangazo ya kazi
kama alivyohesabu mabunda: vijiti vinne, cha tano kikilala.

Chatu: mia mbili na kumi na moja.
Ndivyo alivyoiita, nami sikumsahihisha;
lugha yenye jina la nyoka na iitwe nyoka.
Java, ile yenye jina la kisiwa: mia na themanini na tisa.
Nyingine jina lake Kutu: kumi na saba.
Hapo alicheka mpaka akakohoa.
"Miaka thelathini na mmoja nimekwangua kutu
kwenye roli za mashine namba saba,
leo niende shule kuisomea?"

Mimi ni mshauri wa ajira, Kuusankoski.
Mezani nina chati yenye mishale ya kijani, yote inapanda,
na mshahara wangu unatokana na kuiamini.
Nikamwambia: Chatu. Vijana wote wanamfuga.
Miezi sita, cheti, mahojiano.
"Na hao vijana wote wakishamaliza," aliuliza,
"tutakuwa wangapi mlangoni?"
Sikuwa na mshale wa swali hilo.

Mchagua jembe si mkulima, husemwa.
Aliyesema hivyo hakufungiwa shamba
akiwa na miaka hamsini na tatu.

Akafunua ukurasa. Upande wa pili, kijiti kimoja,
kimesimama peke yake kama mti uliosahauliwa na wakata miti.
Koboli. Mfuko wa pensheni, Kouvola.
"Lugha hiyo imekufa, Veijo."
"Imekufa? Ndiyo iliyonilipa Ijumaa."

Alikuwa ameshakwenda, bila miadi.
Alimkuta Aune Pöyhönen, aliyebaki peke yake
kuelewa kinachonong'ona ndani ya ule mtambo.
Anastaafu Aprili. Alimkatia mkate wa shayiri,
akamwonyesha mistari laki tatu
iliyoandikwa na watu ambao sasa
wanalipwa nayo, au wajane wao wanalipwa.
"Haina haraka," Aune alimwambia.
"Inasema taratibu, kama karani.
Kila sentensi huishia na nukta.
Ukiisahau nukta, kuna bibi kule Iitti hanunui dawa."

Nilimwonya. Ndiyo kazi yangu.
Miaka kumi, nikasema, labda minane, watauzima.
"Hata namba saba waliizima," alijibu,
huku akivaa glavu zilizokuwa bado mbichi.
"Nilikuwepo. Ilichukua dakika arobaini kunyamaza.
Mtu lazima awepo."

Kwenye fomu, penye Sababu ya Uchaguzi,
kuna visanduku vitatu: soko, mshahara, umbali.
Hakutia alama popote. Aliandika pembeni,
kwa herufi za mtu aliyezoea penseli butu:
Ni mashine ya zamani. Najua kukaa nayo.

Nikapiga muhuri.
Jioni hiyo nilihesabu, kwa siri,
matangazo ya washauri wa ajira.
Sikuhitaji kulaza kijiti cha tano.

Machi, barafu ya mto Kymi ikianza kupasuka,
alinitumia picha ya skrini, kona ya kikombe ikionekana:
Kosa. Mstari wa kumi na nne. Nukta haipo.
Na chini yake, maneno yake mwenyewe:
Naitafuta tangu saa kumi alfajiri.
Kama unaiona, usiniambie