Pipa Nyuma ya Bani

Pipa hili lilikuwa la dizeli,
kisha la maji, mwaka wa msiba wa Mhoja.
Sasa gunia la samadi linaning'inia humo,
linachacha, linatoa povu.
Masele akipita njia ya Ipole huziba pua:
"Mama Nyanzala, umezika nini humo?"
Deni la chama, namjibu.

Koroga asubuhi, koroga jioni.
Kinyesi cha ndama wawili, majani ya alizeti mwitu,
na majivu konzi moja.
Hayo majivu ni yangu, hakunifundisha mtu.
Siku ya kumi na nne ukali unapungua.
Kopo la uchachu, makopo mawili ya maji ya kisima,
mpaka rangi iwe ya chai kavu,
ile ya mgeni asiyebisha hodi.

Kumwagilia nako kuna adabu:
shinani, si majanini.
Kiwavi hagusi jani lenye tope;
ana kinyaa kuliko mawifi zangu wote.

Mwaka juzi niliwalaza ndani ya bani,
palepale marehemu alipokaushia tumbaku misimu ishirini.
Nilifagia. Nilikandika upya. Nilifungua mlango siku saba.
Asubuhi ya tatu
walikuwa wamejikunja, midomo mibichi kwa matapishi,
wepesi kama makapi.
Udongo wa ukuta
ulikuwa haujasahau.

Nikawazoa kwa ungo.
Nikasimama nao uani, sijui pa kuwapeleka,
nikawamimina kwenye pipa.

Ndiyo mbolea yangu ya kwanza, hiyo.
Miforosadi, iliyokuwa njano kama yenye homa,
iliinywa na haikuuliza.
Masika jani likawa pana kuliko kiganja changu;
ukilikwanyua, kikonyo kinadondosha maziwa.

Nina kibanda kipya sasa, upande upepo unakotokea,
mbali na bani.
Usiku nawasikia wakila:
kama mtu anachambua karanga chumba cha pili
na hataki kuniamsha.
Vifukofuko vya kwanza nilivipima kwa mizani ya Mhoja,
ileile ya tumbaku.
Mshale haukusogea.
Nilicheka peke yangu, kisha nikaazima mizani ya duka.

Jana jioni Masele amekuja na kopo,
bado ameshika pua.
"Si kwa hayo madudu yako," anasema,
"kwa nyanya tu. Kidogo."
Nikampa mti.
Koroga kwanza.