Dele Jekundu

Seif, gari uliyoniuzia ina taa yenye umbo la dele:
dele jekundu, mdomo umeinama,
tone moja linaning'inia, halianguki.
Iliniwakia Jumatatu, pale Kinyasini,
nyuma nimepakia madaftari ya darasa la sita
na gunia la chumvi la mama mkubwa.
Nikadhani ni mambo ya kahawa. Nikacheka peke yangu.

Kufika Wete, kila mtu fundi.
Muuza vocha kasema oili imekwisha.
Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa kanga kuukuu,
nikakirudisha, nikakichomoa tena:
oili ipo, imegusa alama ya juu,
nyeusi kama masizi ya sufuria ya arusi.
Mwalimu mkuu kasema nitie nzito, ya malori.
Jirani yangu Mbwana, kwa wema wake wote:
"Ng'oa balbu, Zuwena. Usichokiona hakikukoseshi usingizi."

Gereji ya Shaame iko Limbani, mabati mawili na nguzo.
Shaame hakuwepo. Alikuwepo Time,
msichana wa Mtambwe, mwaka wa pili kazini,
ushungi kauchomeka ndani ya kola ya ovaroli.
Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini,
mpini sikioni,
akafumba macho.

"Inawaka injini ikiwa baridi au moto?"
Moto.
"Ukikanyaga mafuta?"
Inazima. Nikisimama, inarudi.
Nilijibu kwa haya, kama mtu aliyechelewa kwenda kliniki.
"Na asubuhi, ukitia ufunguo kabla ya kupiga stata,
huwa inawaka kwanza?"

Nikafikiri. Miaka miwili, Seif.
Asubuhi mia saba na ushei.
"Haijapata kuwaka."
Akaitoa bisibisi sikioni.
"Basi hapo."

Dashibodi ina skrubu nne, moja haipo.
Nyuma ya kioo, chini kabisa,
kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme,
kadiri ya ukucha wa kidole cha mwisho,
gundi imekauka, kimejikunja, kimeachia chenyewe.

Taa haikuanza Jumatatu.
Jumatatu gundi ilichoka kukusitiri.

Lakini Time hakuhukumu kwa utepe.
Akafungua swichi ya oili, mahali pake akafunga geji.
Baridi, sindano ilisimama wima, nikashukuru mapema.
Tukangoja injini ipate moto.
Sindano ikashuka,
ikapumzika,
ikashuka,
ikalala ubavu karibu na sifuri,
na kutoka chini kabisa, ko, ko, ko,
mgeni anayejua kwamba wenyewe wamo ndani.

"Si swichi. Beringi zimelika."
Nikamwambia lakini oili imejaa!
"Presha si wingi, mwalimu. Presha ni kubanwa.
Nafasi ikipanuka, oili inapita tu, haibebi kitu."
Kisha akataja bei, taratibu,
kama anayetoa tanzia kwa mfiwa mwenye moyo mbovu.

Sasa gari iko Bopwe, chini ya turubai,
inangoja karafuu za mama zikauke na zipimwe.
Skuli nakwenda kwa miguu. Viatu nimebadilisha soli.

Sikuja Chake kukugombeza.
Nakumbuka tu Idi ile,
umekula mkate wangu wa kumimina, vipande vitatu,
ukainama dirishani mwa gari, ukaniuliza:
"Haikusumbui?"
Mimi nikadhani unanijulia hali.

Lile la maradhi na kifo unalijua, silirudii.
Utepe wako umo ndani ya bahasha hii.
Hauna uzito. Stempu moja imetosha.

Jioni nafunua turubai, naingia, natia ufunguo,
stata sipigi.
Dele linawaka, jekundu, kwa wakati wake,
na tone lake mdomoni.
Watoto wa Mbwana huja kuchungulia,
huniuliza naangalia nini humo gizani.
Kahawa, nawaambia. Naingoja ishuke.