Swichi ya Mwimo

Limekuja likisukumwa.
Sisi wa Nyakato hatushangai:
wenyeji wa huku jina lao lenyewe ni amri.
Pijo mia tano na nne, rangi ya maziwa mgando,
vijana wanne nyuma, ndimi nje,
na kwenye usukani Bi Nyangeta Bituro,
mhasibu mstaafu wa pamba,
miwani imefungwa kamba.

"Betri ya tatu hii tangu Pasaka."
Nikauliza: la marehemu mzee?
"La mzee lilikuwa baiskeli.
Hili langu. Sabini na nane. Risiti ninayo."

Haya, Nkwimba, meza hiyo.

Nikaingia, nikafunga milango yote minne,
nikajifunika koti kichwani, mchana kweupe.
Juu, kwenye paa, kitaa kinawaka,
manjano, hafifu, kama yai linalotazamwa kwa mshumaa.
Kumbe usiku kucha kinainywa betri,
kijiko kwa kijiko,
na nyumba nzima imelala.

Gari linaamini mlango uko wazi.

Nikapapasa mwimo wa upande wa dereva.
Kipo: kipini kisichozidi ncha ya kidole.
Mlango ukikibonyeza, zima. Ukikiachia, washa.
Hana kazi nyingine duniani.
Miaka arobaini na kitu ya kubamizwa imemla ncha,
unyevu wa ziwa ukamalizia;
siku hizi mlango unamgusa tu,
kama anayesalimia bila kusimama.

Wewe unayejifunza, sikia hapa:
kabla ya kuchomoa, funga waya.
Ukiuachia unarudi ndani ya nguzo
kama kambare shimoni.
Mimi niliupoteza mmoja, mwaka wangu wa kwanza;
fundi Maganiko alinikalisha siku mbili
nikiuvua kwa spoku ya baiskeli.
Tangu hapo sitembei bila mshipi,
ule ule wa kuvulia sato,
nanunua Mwaloni, kwa pima.

Swichi ya Pijo Mwanza hii? Hakuna.
Mtaa wa Rwagasore wakaniambia Dar, wiki mbili,
na bei ya mbuzi.
Nikaenda Igoma, kwenye mzoga wa Korona,
nikang'oa ya nyuma kushoto,
mlango ambao watu hawakuutumia sana.
Nene kidogo. Tupa, polepole, tundu likakubali.
Nikapaka rangi ukingo, kutu isipate pa kuanzia.
Kofia yake ya mpira ilishakufa zamani,
nikakata chuchu ya chupa ya mwanangu
(kaacha, ana meno sasa).
Ikakaa kama imezaliwa nayo.

Jioni akafungua: mwanga.
Akafunga: giza.
Akafungua. Akafunga.
Mara kumi na moja. Nilihesabu
kwa kuwa midomo yake nayo ilikuwa inahesabu.
Wadudu wa ziwa wakaingia wengi kama pumba,
akawafukuza kwa gazeti, akafungua tena.

"Nikiwa nimelala, nitajuaje kimezimika?"
"Asubuhi litawaka."
"Hiyo si hesabu, binti. Hiyo ni imani."

Akatoa elfu ishirini na tano, akataka risiti.
Sina kitabu. Nikaandika kwenye boksi la balbu:
swichi moja, kuukuu;
chuchu moja, bure.
Akaisoma mara mbili, akaikunja kwenye pochi.
Akapiga stati, likaitika.
Vijana wakabaki wamesimama na mikono yao.

Nimeshalala ndipo nikaukumbuka mshipi.
Sikuukata.
Uko mle ndani ya nguzo,
fundo langu shingoni mwa waya.
Siendi kuutoa.
Atakuja mwingine, sijui lini,
na bisibisi yake na haraka zake,
atachomoa bila kufunga,
na waya hautamkimbia.