Dereva Kaanguka

Kioo kimeingia weusi tena.
Si weusi wa umeme kukatika: feni inavuma,
taa ndogo ya kipanya inawaka,
ila jukwaa la maharusi wa Barka
na taa zake mia tatu za kuning'inia
limemezwa zima zima.
Kikarudi, na ujumbe mfupi pembeni:
dereva wa kadi ya picha ameacha kufanya kazi.

"Dereva kaanguka tena!" nikapiga kelele peke yangu.

Chumbani kwa bibi kitanda kikalia.
"Inna lillahi! Dereva gani? Yule Mbaluchi wa basi la skuli?"
"Siye, bibi. Wa kompyuta."
Kimya. Halafu:
"Kompyuta nayo ina dereva?
Na inakwenda wapi, usiku wote huu?"

Nimemfuta dereva, nikamrudisha.
Nimemfuta tena katika hali salama,
kioo kina herufi kubwa kubwa kama kitabu cha chekechea,
nikamweka wa mwezi wa tatu, niliyemjua kuwa na adabu.
Naye akaanguka.
Nimebadilisha waya wa skrini.
Nimeichomoa kadi, nikasugua meno yake ya dhahabu
kwa kifutio cha penseli,
nikaisukuma mahali pake mpaka ikasema tak.
Wiki iliyopita Biju wa Ruwi alikaa nayo siku mbili.
"Dada, kwangu nzima," akasema, akachukua riali tano.
Kwake nzima, kwangu mgonjwa.
Zipo nyumba nami nikiingia huwa hivyo.

Na Bi Khoula anatuma sauti, moja juu ya nyingine:
Muzna, Alhamisi nataka kuiona picha,
Muzna, mama wa bwana harusi anauliza.

Usiku wa nne nikafungua daftari la makosa,
lile mashine huliandika bila kuombwa.
Jumamosi, saa saba na dakika kumi na nane.
Jumapili, saa saba na dakika ishirini.
Jumatatu, saa saba na robo.
Mashine haina saa ya kulala.
Basi ni nani, humu ndani, mwenye saa saba yake?

Nikazima taa ya ukumbini, nikanyamaza.
Saa saba kasoro dakika tano, miguu ikaja ikijikokota,
mkono ukapapasa ukuta kama unaomba radhi,
ukakipata kitufe cha kiyoyozi.
Tik.
Miguu ikarudi.

Magoti yake hayapatani na baridi. Hajanambia hata siku moja.
Huzima, na alfajiri, kabla ya kutawadha, huwasha,
nami huamka nikidhani baridi ilikuwapo usiku kucha.
Na huku ni Julai, ukuta wa Mawaleh
bado unatapika jua la mchana.
Nikaitazama namba ya joto ikipanda:
sabini na nane,
themanini na tano,
tisini na tatu,
weusi.

Na duka la Biju, sasa nakumbuka, lina baridi ya mochwari.

Wewe dereva uliyefutwa mara sita, uliyetukanwa
kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, niwie radhi.

Sikumwambia kitu bibi.
Nikaifungua kompyuta ubavu, nikaikung'uta
vumbi la kijivu, laini kama manyoya ya paka,
nikaigeuzia feni ya mezani, ile yangu.
Saa saba kasoro, tik.
Nikaendelea. Jasho likanitiririka hadi kwenye viwiko,
na saa tisa na nusu taa mia tatu ziliwaka,
zote, na kioo hakikupepesa.

Asubuhi akanimiminia chai ya maziwa.
"Na yule dereva?"
"Mzima, bibi."
"Alhamdulillahi. Nilimwombea, masikini.
Kazi ya kuendesha, na joto hili."