Mstari wa Theluji

Jumapili, Thunder Bay, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Orvo amefuta meza kwa mkono wa sweta,
ametandaza daftari la miraba, kalamu mbili,
na kikokotoo cha shule alichotuachia Marja,
ambacho saba yake haibonyezeki
mpaka uitie ukucha.

"Tuanze na kinachojulikana," anasema,
kwa sauti ya mtu aliyepima karatasi kiwandani
miaka thelathini na minne, kwa tani na kwa zamu.
Basi tunaanza. Pensheni ya kiwanda,
iliyokatwa mkia mwaka ule wa kufilisika.
Pensheni ya serikali, yake na yangu.
Ile yangu ya jikoni shuleni, ndogo mno,
lakini ameipa mstari wake, kwa wino, kama wenzake.

Kisha matumizi.
Kodi ya nyumba. Mafuta ya tanuri. Kahawa.
"Tunakunywa kahawa yote hii?"
"Unakunywa."
Meno: yake manne, yangu Mungu ndiye ajuaye.
Paa, mara moja, kabla halijatuangukia.
Nauli ya kwenda kwa Marja, Halifax, kila Julai.
Nasema, na Krismasi. Anaandika Krismasi,
akivuta pumzi kama anayejitwika gunia.

Akiba haiozi, wanasema. Sawa, haiozi.
Ila bei huitafuna kama panya wa darini,
asilimia mbili na nusu, kila mwaka, bila kelele.

Na starehe je, ni dola ngapi?
Kwangu ni kuchukua jibini dukani
bila kuigeuza kwanza kusoma bei.
Kwake ni kuni kavu za sauna
na kutomwona mdai akikanyaga ngazi.
Anapiga hesabu, anazungushia duara: laki sita.
Tunazo laki tano na themanini elfu,
ukihesabu na mashua ambayo injini yake
haijawaka tangu mwaka juzi.

Kuna swali daftari linalidai, na hatujalitaja.
Orvo ameshalijibu, naona, usiku nikiwa nimelala:
safu yake inakoma penye themanini na tatu.
Yangu inashuka, inashuka, mpaka tisini na nne,
kona ya chini kabisa ya ukurasa.
"Mapafu ya baba," anasema, macho kwenye miraba.
"Na mama yako bado anawala watu kwenye karata."

Naifuata safu yangu kwa kidole.
Kahawa imepungua, tena zaidi ya nusu.
Meno, yangu tu. Nauli, ya mtu mmoja.
Mafuta ya tanuri yako palepale;
nyumba haijui imebaki na wangapi.
Halafu, mwaka uleule safu yake inapokoma,
mstari mpya, kwa mwandiko wake wa kubana:
Kijana wa theluji, dola themanini kwa mwezi,
Novemba hadi Aprili.

Hatujawahi kumlipa mtu theluji.
Kila alfajiri nalisikia koleo lake
likikwaruza kutoka mlangoni hadi barabarani,
kisha, bila kuombwa,
hadi kwenye ngazi za Bi. Tkachuk.

Nainuka kuongeza kahawa. Nakawia kidogo jikoni.
Nikirudi nachukua kalamu ya pili,
naikata themanini na tatu,
naandika tisini na moja.

"Hesabu haitatosha," anasema.
Anabonyeza, anaitia saba ukucha.
"Tutapungukiwa na elfu arobaini na saba."
"Tupungukiwe."

Naikata Krismasi. Anairudisha.
Anaikata mashua, na hilo, namjua, si dogo.

Dirishani theluji imeanza tena, nyepesi.
Orvo hafuti mstari wa yule kijana.
Anausogeza tu chini, miraba minane,
kisha anakwenda kutafuta glavu zake.